Waya wa taa ya shangazi: siku nane za bodi isiyoonekana kwenye kompyuta

Jumanne ya tarehe 21 Novemba 2023, saa mbili usiku, nilichomeka kwenye kompyuta bodi yangu mpya ya ESP32, kibao kidogo cha kielektroniki unachokiwekea programu kwa kompyuta. Taa yake nyekundu ikawaka, nami nikashangilia. Mke wangu akaja kuangalia, nikamwambia, "Imekubali."

Haikuwa imekubali. Taa iliwaka, lakini kompyuta ilikaa kimya. Haikutoa ule mlio inaoutoa ukichomeka kitu, haikuleta ujumbe, haikuonyesha kosa lolote. Nilikaa mbele yake hadi saa sita usiku nikichomeka na kuchomoa. Kulimaliza jambo lile kulinichukua siku nane, shilingi 65,000 zilizokwenda bure, na bodi moja nzima niliyoiunguza kwa mikono yangu mwenyewe. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa mbele ya ukimya huo huo, hasa kama anaishi mbali na Kariakoo kama sisi wa Kigoma. Kwetu kila kosa lina nauli ya basi ndani yake.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nafunga nyaya Mwanga, Gungu, Katubuka, hadi Ujiji. Naitaja kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyonipoteza. Katika nyumba, ukibonyeza swichi na taa ikawaka, umemaliza, unakunja vifaa vyako na kudai chako. Miaka kumi na moja ya kazi imenizoesha kuamini taa. Nilipoona ile nyekundu imewaka kwenye bodi, akili yangu ilishaufuta waya katika orodha ya vitu vya kushuku.

Bodi yenyewe niliinunua kwa sababu ya shangazi yangu, dada yake baba, ambaye anakausha dagaa mwalo wa Kibirizi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaanikwa kwenye vichanja au mchangani, na jua likiwa kali wanakauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaharibika, na walionusurika wanauzwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Mwaka ule ulikuwa wa El Niño na mvua ilikuwa haimuulizi mtu. Shangazi akajenga hema la kukaushia: miti, nailoni angavu juu na pembeni, vichanja vya wavu ndani. Mvua ikashindwa kuingia, lakini zikazaliwa shida mbili mpya. Mchana joto lilipanda ndani hadi dagaa wakaanza kuiva badala ya kukauka, wakawa wanavunjika vichwa. Usiku unyevu ulirudi, asubuhi akawakuta wamelainika. Alikuwa anapima kwa kuingiza mkono na kusema leo kali, leo afadhali.

Nikamwahidi kifaa. Kihisi cha DHT22 kinachosoma joto na unyevu, bodi ya ESP32 ya kukisoma, kioo kidogo cha kuonyesha namba, na kengele ya kulia joto likizidi. Nilijifunza kwenye video za simu kwa mwezi mzima. Bodi nilinunua 27,000, kihisi 13,000, na kifurushi kusafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam 8,000.

Muda wa kuahidi ulikuwa mzuri pia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu taa hazina nguvu tena, na mitumbwi inapumzika kama wiki moja. Mwezi mpevu ulikuwa Jumatatu ya tarehe 27. Nikamwambia shangazi, mitumbwi ikirudi majini utakuta kifaa kinaning'inia hemani.

Jumatano nilijaribu matundu yote matatu ya USB. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikasugua mdomo wa bodi kwa mswaki mkavu. Ilipofika jioni nilikuwa nimeamua kwamba bodi ni mbovu, na nikaagiza nyingine: 27,000 tena, na 8,000 ya basi tena. Sikuwa nimepima kitu hata kimoja. Nilikuwa nimechoka, na uchovu ule niliugeuza kuwa ushahidi.

Alhamisi nikaishuku kompyuta. Ni kompyuta mpakato ya mtumba, ina Windows, nayo huwa nzito. Nikaipeleka kwa kijana mmoja mjini aniwekee Windows upya, akanitoza 20,000. Aliniuliza kama kuna vitu vya kuhifadhi, nikasema hakuna, maana mawazo yote yalikuwa kwenye bodi. Kulikuwa na hesabu za wateja wangu za miezi minne. Hadi leo kuna watu wawili nadhani wananidai nyaya na mmoja nadhani namdai mimi, na sina namna ya kuthibitisha. Usiruhusu mtu afute mfumo wa kompyuta yako kwa sababu ya kifaa cha USB kisichoonekana. Chomeka kwanza kitu kingine, flashi au kipanya. Kikionekana, tundu lile ni zima, na Windows haina kosa la kustahili kufutwa. Jaribio hilo ni la dakika moja na halina gharama.

Ijumaa ndiyo siku ninayoijutia zaidi. Nilijiambia labda tundu la kompyuta linatoa umeme mdogo. Tundu la kawaida la USB 2.0 huruhusu hadi miliampia 500, na ESP32 ikiwasha redio yake ya Wi-Fi hula mkondo mkubwa kwa vipindi vifupi, kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Nilivyolitekeleza ndipo palipokuwa na ubaya. Nilichukua nyaya mbili kutoka kwenye betri ya sola ya nyumbani nikaziingiza kwenye pini ya kuingizia umeme, iitwayo VIN, na ya hasi, waya wa USB ukiwa bado umechomekwa. Betri tunaiita ya volti 12, lakini mchana paneli ikiwa inaichaji inapita 14. Kwenye bodi kuna kidhibiti volti kidogo cha kushusha umeme hadi 3.3, na tofauti yote ya volti hugeuka joto ndani yake. Kwa volti 5 kinastahimili. Kwa volti 14 kile kidude kilichofanana na punje ya mchele kiliniunguza kidole, kikatoa harufu, na taa nyekundu ikazimika moja kwa moja.

Namshukuru Mungu kompyuta haikudhurika, maana ingeweza. Bodi iliyopata umeme pande mbili inaweza kuurudisha ule mkubwa hadi kwenye tundu la USB. Kama unaitafuta shida ya USB, bodi ipate umeme kwa USB peke yake, na pini zake zote ziwe tupu: kihisi, kioo na nyaya zote ziwe pembeni. Hata meza iangalie. Mimi nafanyia kazi juu ya bati, na pini za chini ya bodi zikigusa bati zinaweza kukutana zenyewe kwa zenyewe. Siku hizi natandika kadibodi.

Jumamosi bodi ya pili ikafika. Nikaichomeka, taa nyekundu, ukimya. Sikulala vizuri. Bodi mpya, kompyuta iliyofutwa na kuwekwa upya, hali ile ile. Anayesoma hapa pengine ameshaona kitu pekee ambacho nilikuwa sijakibadilisha tangu Jumanne. Mimi nilikuwa nimekishika mkononi na sikukiona.

Jumatatu jioni nilikwenda Kibirizi kumwomba shangazi radhi. Mwezi ulikuwa umetoka mzima na mitumbwi imevutwa ufukweni. Nilibeba kompyuta na bodi nimwonyeshe, asije akadhani namdanganya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umesawijika hivyo?"

Nikamweleza. Nikachomeka aone taa inavyowaka na kompyuta isivyojibu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaunyanyua waya kwa vidole viwili, akaugeuza.

"Huu si ule wa taa yangu ya jua? Nimeutafuta tangu mwezi wa nane."

Ulikuwa wenyewe. Mwezi Agosti nilikwenda kumbadilishia swichi mbili, simu yangu ikaisha chaji, nikaazima ule waya, na bila kukusudia nikaondoka nao. Ulikuja ndani ya boksi la taa ndogo ya sola, kwa ajili ya kuichajia. Nilikaa kimya nikiuangalia. Taa haina neno la kumwambia mtu. Aliyetengeneza waya wa kuchajia taa anahitaji njia ya umeme tu, na njia ya mazungumzo akiiacha anaokoa shaba.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, nilikwenda kwa fundi simu Mwanga ambaye huwa tunaazimana mita. Hakuhitaji hata mita. Alimulika kwa tochi ya simu ndani ya kichwa kikubwa cha ule waya, kile kinachoingia kwenye kompyuta.

"Kaka, hebu angalia. Vibati vingapi?"

Viwili. Kichwa cha waya kamili kina vibati vinne vya dhahabu: viwili vya pembeni ni virefu kidogo, navyo ni vya umeme, viwili vya katikati ni vifupi, navyo ni vya data. Wa shangazi ulikuwa na vya pembeni tu. Fundi akanionya kwamba kuna nyaya zenye vibati vyote vinne lakini nyuma ya vile vya katikati hakuna waya wowote, kwa hiyo vibati viwili vinakupa uhakika wa ubovu na vibati vinne havikupi uhakika wa uzima. Akanionyesha kipimo chake: anachukua simu ya zamani yenye tundu dogo la micro-USB, anaichomeka kwenye kompyuta kwa waya unaoshukiwa. Simu ikiuliza kama unataka kuhamisha faili au kuchaji tu, waya unapitisha data. Ikianza kuchaji bila kuuliza, na ukifungua mipangilio yake hakuna uchaguzi wa kuhamisha faili, uweke kando. Nilinunua kwake waya uliopita kipimo hicho kwa shilingi 4,000.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu fundi mwenzangu wa umeme akielewa sehemu hii ameelewa karibu yote. Waya kamili wa USB wa aina hii una nyaya nne nyembamba ndani. Mbili ni za umeme, volti 5 na hasi. Mbili ni za mazungumzo, zinaitwa D+ na D−. Kwa kawaida nyekundu ni volti 5, nyeusi hasi, nyeupe D−, kijani D+, ingawa kwenye nyaya za bei ndogo rangi haziaminiki. Bodi ikishapata umeme, chipu yake ya USB huuinua ule waya wa D+ kuelekea volti 3.3 kupitia rezista ya omu 1,500. Kompyuta ikiona waya umeinuka inajua kuna mgeni mlangoni, inamuuliza yeye ni nani. Mgeni anajibu kwa namba mbili, ya kiwanda na ya bidhaa. Ndipo kompyuta inatafuta draiva, programu ndogo ya kuongea na kifaa, inayolingana na namba hizo.

Sasa tazama jinsi hatua hizo zinavyokuambia ugonjwa uko wapi. Taa ikiwaka na kompyuta ikae kimya kabisa, maana yake hodi haikupigwa: mara nyingi ni waya usio na data, au mdomo wa bodi uliong'oka risasi kwenye pini za katikati. Kompyuta ikilalamika kwamba kifaa cha USB hakitambuliki, au Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, ikaonyesha kosa namba 43 lenye maneno ya kushindwa kusoma maelezo ya kifaa, hodi ilipigwa lakini maneno yalikatika njiani: waya umechoka, ni mrefu mno, tundu limelegea, au chipu imeumia. Device Manager ikionyesha kifaa chenye alama ya njano na kosa namba 28, mgeni amejitambulisha vizuri na kinachokosekana ni draiva tu. Ukimya, lalamiko na alama ya njano ni magonjwa matatu yenye dawa tatu. Mimi nilikuwa na ukimya nikatibu alama ya njano, ndiyo maana fedha zote zile hazikugusa kidonda.

Nilichomeka waya mpya pale pale kibandani. Kompyuta ikalia. Nakumbuka nilimshika fundi begani. Wiki nzima nilikuwa naisubiri ile sauti.

Baada ya sauti ikaja alama ya njano, na safari hii sikuogopa, kwa sababu ilikuwa ni kupanda ngazi. Tazama karibu na mdomo wa USB kwenye bodi yako, utaona chipu nyeusi ndogo. Piga picha kwa simu kisha uikuze usome maandishi. Yangu ni CH340, ambayo iko kwenye bodi nyingi za bei nafuu. Nyingine zina CP2102, nyingine FT232. Kama maandishi yamefutika, ingia Device Manager, bonyeza kifaa chenye njano, nenda kwenye sifa zake usome namba. CH340 hujitaja kwa 1A86 na 7523, CP2102 kwa 10C4 na EA60, FT232 kwa 0403 na 6001. Namba hizo hazitegemei aliyekuuzia alisema nini.

Kompyuta yangu ilikuwa imetoka kuwekwa Windows upya na haijawahi kuona intaneti. Windows 10 mara nyingi huitafuta draiva ya CH340 yenyewe ikiwa na mtandao, kwa hiyo niliwasha intaneti ya simu nikaiunganisha. Nilinunua bando la 5,000, likaisha lote kwa sababu Windows ilianza kushusha masasisho yake makubwa kabla ya draiva. Nikanunua la pili. Kosa hili liepuke: kabla ya kuunganisha, weka mtandao huo kuwa ni wa kulipia kwa kiasi kwenye mipangilio, kisha pakua draiva mwenyewe kutoka kwa watengenezaji wa chipu, kampuni ya WCH ya China. Faili lenyewe ni dogo sana. Tovuti za draiva za bure zinazokutaka uweke programu yao kwanza, zipite kama hukuziona.

Saa saba mchana ikatokea COM4, jina ambalo Windows iliipa njia ya kuongea na bodi. Nikapakia programu ya majaribio ya kuwasha na kuzima taa. Vikatokea vidoti vinavyosubiri, vidoti, vidoti, kisha ikasema imeshindwa kuunganisha. Hili ni la ESP32 yenyewe: baadhi ya bodi haziingii zenyewe kwenye hali ya kupokea programu. Bonyeza kitufe cha BOOT na usikiachie tangu vidoti vinapoanza hadi uone asilimia zinaanza kuhesabika. Ilikubali mara ya kwanza. Taa ya bluu ikapepesa kila sekunde.

Jioni hiyo umeme ukakatika na betri ya kompyuta yangu haidumu nusu saa. Binti wa jirani aliyemaliza chuo akaniazima yake, yenye mfumo wa Ubuntu 22.04 badala ya Windows. Nikachomeka waya ule ule mzuri na bodi ile ile iliyokubali mchana. Hakuna kitu. Zamani ningekwenda kununua bodi ya tatu.

"Anko, ngoja tuiulize kompyuta," akasema, akaandika amri mbili. Ya kwanza, lsusb, ikaorodhesha vifaa vilivyochomekwa, na 1a86:7523 ilikuwamo, kwa hiyo waya na bodi viliondoka kwenye mashaka papo hapo. Ya pili, sudo dmesg, inaonyesha mfumo ulichoandika tangu kifaa kilipoingia. Pale tukasoma kwamba njia ya kuongea na bodi, ttyUSB0, ilifunguliwa kisha ikachukuliwa na kitu kinachoitwa brltty. Hiyo ni programu ya kuwasaidia wasioona, inaendesha vifaa vya kusomea maandishi ya nukta nundu, na kwa kuwa baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu zenye namba hizo hizo, toleo lile la Ubuntu huidhania bodi kuwa kimojawapo. Katika nyumba ile hakuna anayekitumia kifaa cha namna hiyo, kwa hiyo aliiondoa kwa sudo apt remove brltty. Kama kwenu yupo anayekitumia, usiiondoe, tafuta kompyuta nyingine kwa kazi hii. Kisha ikatukatalia ruhusa ya kufungua njia, akajiongeza kwenye kundi la watumiaji wenye ruhusa hiyo, liitwalo dialout, akatoka na kuingia upya kwenye kompyuta, ikafunguka. Nusu saa yote. Yule binti ana miaka ishirini na mitatu, na alichonifundisha ni kusoma kilichoandikwa kabla ya kugusa kitu. Nilimwambia hivyo mbele ya mama yake, kwa sababu alistahili kusikiwa akisifiwa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kawaida, na nitazipita haraka. Nilipounganisha kihisi kwenye pini namba 12 bodi ilikataa kuwaka vizuri, kwa sababu ESP32 huisoma pini hiyo inapoamka ili ijue kumbukumbu yake inatumia volti ngapi, na rezista ya kihisi ilikuwa inaiinua. Nikahamia pini namba 4, ikatulia. Hemani nilivuta umeme wa volti 5 kwa waya mwembamba wa mita kumi, bodi ikawa inajiwasha upya kila Wi-Fi ikianza. Hili la volti kupotea kwenye waya mrefu nalijua vizuri, ndiyo kazi yangu, nikabadilisha nikapeleka umeme wa nyumbani kwa waya wa unene unaotakiwa hadi kwenye boksi lililofungwa, na chaja ya simu nikaiweka humo humo karibu na bodi.

Nilikaa na mke wangu tukapiga hesabu, kwa sababu zile zilikuwa fedha za nyumba. Bodi iliyoungua 27,000, nauli ya kifurushi cha pili 8,000, Windows 20,000, mabando 10,000. Sikuhesabu kazi ya vyumba vitatu Gungu niliyoiahirisha siku mbili, na mwenye nyumba hakupendezwa. Alichouliza mke wangu ni kimoja tu: kwa nini sikumwambia mtu tangu Jumanne ile ya kwanza. Nilimjibu kweli, kwamba nilikuwa nimeona aibu. Watu wa mtaani wananiita fundi, na sikutaka waone nimeshindwa na kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Aibu hiyo ilikuwa ghali kuliko waya.

Jumamosi ya tarehe 2 Desemba nilikifunga kifaa. Waya wa taa nilimrudishia shangazi, akaufunga uzi mwekundu kichwani usichanganyike tena na mwingine, na mimi nikafanya vivyo hivyo nyumbani: kila waya niliopima na kukuta hauna data una uzi mwekundu, nao unakaa kwenye droo ya jikoni, mbali na meza ya kazi.

Jumapili usiku mitumbwi ilirudi majini. Jumatatu, saa saba mchana, shangazi alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia kengele inalia na watoto wanapiga kelele.

"Inasema hamsini na tatu. Nifanyeje?"

"Nyanyua nailoni za pembeni, shangazi, pande zote mbili, usubiri."

Hakukata simu. Nilimsikia akiwaita wenzake, nikasikia nailoni inavyochakarika, kisha akaanza kunisomea namba moja moja jinsi zinavyoshuka. Hamsini na moja. Arobaini na nane. Arobaini na nne. Kengele ikanyamaza.

"Imenyamaza," akasema. "Njoo jioni uchukue dagaa wa watoto."